Boya Lililohudhuria Kikao

Ofisini kwetu kuna jamaa tunamwita Hamna Shida. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata siku alipochomeka waya wa mashine ya kuchapisha mahali pasipostahili, huku akisema maneno hayo hayo, na ghorofa nzima ikakaa gizani mpaka jioni.

Mimi ndiye mtunza stoo. Kitu kipya hakiingii kazini bila kupita mikononi mwangu, na kwa bahati mbaya kati ya stoo yangu na meza yake kuna ukuta wa mbao tu. Akisikia boksi linachanwa, huyo ameshafika.

Siku hiyo yalikuja majaketi sita ya kujiokolea, ya wenzetu wanaokwenda kupima kina cha maji bwawani. Boya tulilolizoea wengi wetu ni lile la rangi ya machungwa, nene kama godoro, ukilivaa huwezi hata kujikuna. Haya yalikuwa mengine kabisa: meusi, membamba, yanapita shingoni na kushuka kifuani kama mikanda ya begi. Kijitabu chake nilikisoma chote, maana leja haijazwi kwa kubahatisha. Ndani kuna puto lililokunjwa, na kimtungi chenye gramu 33 za hewa ya ukaa. Kuna pia kidonge. Kidonge kikilowa kinayeyuka, kinaachia springi, springi inasukuma sindano, sindano inatoboa mtungi, na ndani ya sekunde chache puto limejaa. Hata ukitumbukia majini umezimia, jaketi halisubiri ruhusa yako.

Hamna Shida akaninyang'anya moja, akalipima mkononi.

"Hili ndilo limuokoe mtu? Kaka, hizi ni kanda za kushikia suruali."

Nikamwambia asome kwanza. Akakitazama kijitabu kama mtu anayeonyeshwa deni la jirani. "Maelekezo wanaandikiwa wasioelewa," akasema, na kabla sijamjibu alikuwa ameshalivaa na kulifunga kifungo cha kiunoni. Kisha likamjia wazo. Ataingia nalo kwenye kikao cha asubuhi, ndani ya koti, akae mpaka mwisho, na hakuna mtu atakayejua. Akiweza, nimpe kiti changu cha magurudumu.

Hapa nakiri kosa langu. Ningeweza kukataa. Lakini kile kiti kilikuwa na gurudumu moja bovu, na kwa muda mrefu nilikuwa natafuta mtu wa kumbebesha.

Akavaa koti juu yake, akafunga vifungo vyote vitatu. Kusema kweli alipendeza. Alionekana kama mtu aliyeanza mazoezi wiki mbili zilizopita na hajakata tamaa bado.

Kikao kilikuwa kama vikao vyote, yaani kirefu. Kwenye ajenda ya nne jasho likaanza kumtoka, maana koti na jaketi havikupangiwa kuishi pamoja. Akaomba ruhusa, akatoka kwenda kunawa uso.

Sasa, sinki letu lina tabia yake. Bomba linatema kwa hasira, na ukingoni daima kuna dimbwi. Ukiinama kunawa, unarudi na mstari wa maji tumboni, kuanzia ubavu hadi ubavu. Kila mfanyakazi wa pale ameshawahi kuupata, na hatuchekani tena.

Hamna Shida akarudi anang'aa uso. Nikauona ule mstari kwenye koti lake. Moyo ukaniruka, kwa sababu nilikumbuka kidonge kinakaa wapi: upande wa chini wa jaketi, usawa wa tumbo.

Nikamwonyesha tumbo langu kwa kidole. Akalitazama tumbo lake, akalibana ndani, akakaa wima. Nikasugua vidole kumwashiria maji. Akanijibu kwa dole gumba. Mwisho nikachana karatasi, nikaandika KIDONGE kwa herufi kubwa, nikaipitisha kwa watu wanne. Akaisoma, akaigeuza, akaandika nyuma na kunirudishia kwa njia ile ile. Nikaifungua.

"Siumwi, asante."

Wakati huo mkurugenzi alikuwa amefika mwisho. "Mengineyo," akasema, akavua miwani. "Kuna mwenye lolote?"

PAA!

Sijui nieleze vipi. Kwanza ulikuwa mlio, kisha "fwaaaa", kisha Hamna Shida akaanza kukua. Kifungo cha juu kikagonga ubao. Cha kati hatujakiona hadi leo. Cha chini kikaruka, kikadunda mezani, kikazunguka kama sarafu na kulala juu ya karatasi za mkurugenzi. Shingoni likatokea puto la njano, likamnyanyua kidevu mpaka macho yakatazama dari. Jaketi lile limetengenezwa hivyo makusudi, ili mdomo ubaki juu ya maji. Mhasibu alikuwa chini ya meza. Mwenzetu mmoja alishafika mlangoni na faili la mtu mwingine.

"Hamna shida," Hamna Shida akaliambia dari.

Akajipapasa kwa mikono ambayo bado ilikuwa na maji, akashika kitaa kidogo kilichobandikwa kwenye puto. Kumbe nacho huwashwa na maji. Kikaanza kumweka. Sasa tulikuwa na mtu mzima wa njano, koti limemning'inia mabegani, anawaka na kuzimika katikati ya kikao.

Mkurugenzi akasema kwa sauti ya chini sana, "Toa hicho kitu."

Akalivuta kuelekea juu, likakwama masikioni. Akapapasa tena, akapata kimrija. Kile kimrija ni cha kuongezea pumzi kwa mdomo puto likilegea, lakini yeye hesabu yake ilikuwa rahisi: penye kuingilia ndipo pa kutokea. Akakichomoa kimfuniko, akautia mrija mdomoni, akabana meno, ulimi ukabonyeza kizibo cha ndani kinachozuia hewa isitoke, akafyonza kwa nguvu zake zote.

Aliyewahi kupaliwa na soda ikatokea puani anaijua ladha ya hewa ya ukaa. Alikohoa mpaka kitaa kikawa kinamweka na kutikisika kwa pamoja. Katikati ya kukohoa nikamsikia anauliza kama kuna mwenye mkasi.

Hapo nikainuka. Mkasi ungeniharibia mali. Nikamkalisha, nikakishika kile kimfuniko cha mrija, nikakigeuza juu chini na kukibonyeza ndani, kama kijitabu kinavyosema. Hewa ikaanza kutoka. Nilichokuwa sijajiandaa nacho ni sauti yake. Haikuwa "ssss" ya tairi. Ilikuwa sauti ile ambayo ikisikika kwenye kikao kila mtu hutazama pembeni, na hii haikukatika kwa dakika nzima, maana nilikuwa namkumbatia ili itoke upesi. Mkurugenzi akavaa miwani, akaisoma ajenda upya tangu ya kwanza.

Ilipokwisha, kidevu cha Hamna Shida kikashuka taratibu, tukatazamana.

"Lakini kaka," akanong'ona, "mpaka mengineyo walikuwa hawajajua."

Kiti nilimpa. Alianguka nacho kabla ya saa sita.

Mimi nikabaki na leja. Mtungi ukishatobolewa hautumiki tena, na kidonge ndiyo hivyo, kwa hiyo ilinibidi niombe vipya na kujaza safu ya "Kazi iliyotumika". Nilikaa na kalamu muda mrefu. Mwishowe nikaandika "Kunawa uso", nikapeleka kwa mkurugenzi. Akasoma, akanitazama, akatia sahihi.