Unanyonga baiskeli kwa ajili ya mama, pesa zinaenda maabara

Billy Starr wa Boston, Marekani, alifiwa na mama yake kwa saratani ya ngozi miaka ya 1970. Mwaka 1980 alikusanya wenzake, jumla yao watu 36, wakanyonga baiskeli kulikatiza jimbo la Massachusetts hadi Provincetown, kwenye ncha ya Cape Cod, wakapata dola 10,200. Ndivyo ilivyoanza Pan-Mass Challenge. Siku hizi wanaojitokeza ni maelfu, njia ndefu ni karibu kilomita 300 kwa siku mbili, na kufikia 2024 fedha zilizokwenda Dana-Farber, taasisi ya tiba na utafiti wa saratani, zilishavuka dola bilioni moja.

Kwa macho ya huku kwetu, mpango huu una kitu cha ajabu. Sisi mgonjwa akizidiwa, linafunguliwa kundi la WhatsApp, anateuliwa mweka hazina, na kila jioni orodha inapandishwa upya: fulani 10,000, fulani 50,000, fulani "ahadi". Pesa zinamfuata mgonjwa: dawa, vipimo, nauli. Kule mtu anabandika picha ya mama yake mgongoni, anajifunga kuchangisha zaidi ya dola 5,000, na mama haoni hata senti. Zote ni za taasisi. Asipofikisha kiwango, pengo linakatwa kwenye kadi yake mwenyewe.

Wapo wanaouliza: jasho lote la nini, si utoe tu? Hoja hii naiona nyepesi. Kuomba watu pesa kuna aibu yake, na anayejitesa barabarani anapata uso wa kuomba. Isitoshe, mchango wetu hufungwa mgonjwa akipona au akizikwa. Wao kila Agosti wanarudi, hata waliokwisha kufiwa. Na fedha hizo hazina masharti mengi, kwa hiyo mtafiti mwenye wazo changa, ambalo bado halina matokeo ya kuishawishi serikali impe ruzuku, anaweza kulijaribu.

Hoja nzito ni nyingine. Kiwango cha dola elfu kadhaa kinamchuja mtu kabla hajapanda baiskeli. Wakili akiandikia wenzake barua pepe moja, nusu ya kazi imekwisha. Mfagizi ambaye naye kafiwa na mama ataandikia nani? Anaweza kujitolea kugawa maji njiani, sawa, lakini hilo halifuti tofauti. Tena fedha hizo zinanufaisha taasisi kubwa iliyo katika mji wenye hospitali za kutosha.

Halafu kuna ile ahadi kwamba asilimia 100 ya kilichochangishwa na waendeshaji inafika. Pan-Mass inaitimiza kwa kuwa gharama za maandalizi zinabebwa na wadhamini na ada za usajili. Ni sifa njema, ila inamzoesha mchangiaji kuona gharama ya uendeshaji kama wizi. Waholanzi yaliwakuta. Alpe d'HuZes, mbio zao za kupanda kwa baiskeli mlima wa Ufaransa wenye kona 21, hadi mara sita kwa siku moja, zilichangisha zaidi ya euro milioni 30 mwaka 2012, zikijinadi kwamba hakuna anayekatiwa chochote. Mwaka 2013 ikabainika kuwa mwanzilishi mmoja alikuwa akilipwa kupitia taasisi nyingine iliyopata fedha za michango hiyo. Mwaka uliofuata michango ikaporomoka. Pengine alistahili malipo, maana kazi ilikuwa kubwa. Kilichowaudhi watu ni kuambiwa hakuna anayelipwa.

Kwa hiyo akitokea mtu hapa na fomu ya kunyonga Dar hadi Mbeya kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, nitachangia, na hata akiandika kwamba katika kila shilingi 100, 15 ni za mafuta ya gari la wagonjwa linalofuata msafara na posho ya mhasibu, sitanuna. Nitanuna akiandika sifuri.