Uchafu wa Bahari ya Malindi Hupita Chini ya Daraja la Sabaki

Ami yangu huvua kwa jarife upande wa mdomo wa mto Sabaki, kati ya Malindi na Mambrui. Wakati wa mvua za vuli nilimkuta ufuoni amekaa juu ya hori la kuvulia lililopinduliwa, nyavu zimerundikwa miguuni pake. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Mto umeshuka na mafuriko. Kaa unisaidie kuchambua."

Tulichambua mpaka jua likawa kali. Samaki hawakujaza nusu ya ndoo: fumi kadhaa, kamba wa kuhesabika, na kolekole mmoja mdogo. Kilichobaki kilikuwa matope, na ndani ya matope vipande vya gunia la nailoni, soli ya kandambili, chupa za soda zilizobonyea, na nepi mbili zilizovimba kwa maji hadi zikawa nzito kama mawe. Palikuwa na pakiti ya maziwa ambayo maandishi yake yalisomeka bado. Kiwanda chenyewe kiko bara, na maziwa hayo sijawahi kuyaona katika duka lolote la Mambrui.

Wanaoijua bahari ya huku hawatashangaa. Kusi ikivuma, mkondo huyachukua maji ya Sabaki na kuyapeleka kaskazini, Mambrui na kuendelea. Kaskazi ikiingia, tope hugeuka na kuja Malindi, kwenye matumbawe na mahoteli. Na kwa kuwa kaskazi huanza wakati wa vuli, mto unapofurika ndipo mkondo nao unapotuelekea. Ukisimama kwenye jeti asubuhi utaona mstari kabisa: huku buluu, huku rangi ya chai ya maziwa.

Sasa tuufuate mto huo kinyumenyume. Hapa unaitwa Sabaki. Ukipanda hadi mbuga ya Tsavo unaitwa Galana. Juu zaidi, Makueni na Machakos, ni Athi. Na ndani ya Athi ndimo unamomwaga Mto Nairobi, baada ya kupita viwanda, mitaa isiyo na mabomba ya majitaka, na jaa la Dandora, ambalo limetumika tangu miaka ya 1970 na liko kando ya mto wenyewe. Mto mmoja, majina matatu. Nadhani majina hayo yametudhuru kuliko tunavyodhani, kwa sababu kila mtu anaamini mto wake unaishia pale jina linapobadilika.

Watu husema Kenya haina sheria za kulinda bahari. Si kweli, na mimi nimechoka kuyasikia hayo kwenye mabaraza. Sheria tunazo tele. Katiba ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Mazingira ya 1999, kifungu cha 55, inaagiza ziwekwe kanuni za kuzuia uchafu wa baharini unaotoka nchi kavu, na inaitaja mito kwa jina lake, pamoja na midomo ya mito na mabomba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, unasema hayo hayo. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka hata kipimo: maji yanayomwagwa kwenye mazingira yasiwe na zaidi ya miligramu 30 za chembe kwa lita moja. Asiyeamini kwamba maji yetu yamekipita kipimo hicho na aende darajani mto ukishuka, achote maji kwa glasi, ajaribu kuona kidole chake upande wa pili.

Tatizo ni mahali sheria hizo zinaposhika kazi. Nenda kwenye lango la Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza za aina yake hapa Kenya. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki ya kutumia mara moja ni marufuku humo na kwenye fuo zilizolindwa. Niliwahi kuona askari akimtaka mama mmoja aliyekuja na watoto wa madrasa aache chupa zake za maji langoni. Mama hakubishana, akawanywesha watoto pale pale, wakazikusanya chupa. Askari alikuwa sahihi, marufuku hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mchana ule ule, ndani ya hifadhi, tulizikuta chupa mchangani kwenye mstari wa bamvua, pale maji makubwa yanapofika, zimeota kome wadogo. Hizo hazikupita langoni.

Sheria yetu humkamata anayeonekana. Mwenye kibanda aliye na mifuko ya plastiki tangu marufuku ya Agosti 2017 anajulikana, na faini yake ni ya mamilioni. Mwenye bomba linalomwaga usiku mtoni, kilomita mamia kutoka hapa, ni nani? Na udongo unaochomoka kwenye mashamba ya miteremko na kingo zilizokatwa miti utaushtaki vipi? Kanuni ya miligramu 30 iliandikwa kwa ajili ya bomba. Mmomonyoko hauna bomba wala leseni.

Najua jibu linalokuja: Sabaki imekuwa nyekundu tangu enzi za mababu. Basi tuliulize tumbawe. Wanasayansi walichunguza tumbawe moja la hapa Malindi lenye umri wa miaka kama 300. Tumbawe hukua kwa matabaka mwaka baada ya mwaka, na madini ya bariamu yanayoletwa na udongo hubaki ndani yake. Kwa miaka 200 ya mwanzo kiwango kilikuwa karibu kilekile. Kikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi walipofyeka na kulima nyanda za juu, kikaendelea kupanda. Kwa hiyo mababu waliliona tope, ila si tope hili. Na tope likitanda juu ya tumbawe hulinyima mwanga na kulifukia, na samaki wa kwenye miamba wakakosa pa kukaa.

Sisi wa Malindi nasi si malaika. Wapo wanaomwaga takataka kwenye mitaro wakisubiri mvua izisombe, na mashimo ya vyoo karibu na ufuo yanajulikana na wote. Hayo tuyakubali. Ila hatuwezi kufagia ufuo kila Jumamosi huku mlango wa nyuma uko wazi.

Mwaka jana nilipeleka malalamiko ya wavuvi kwenye ofisi moja. Afisa alinisikiliza kwa adabu, akaniambia mto ukiwa bado mto si wake, yeye ni wa pwani. Nikaelekezwa ofisi nyingine. Huko nikaambiwa hilo ni la Nairobi.

Ninachotaka ni vitu viwili. Kwanza, maji ya Sabaki yapimwe pale darajani kila mwezi, na matokeo yabandikwe hadharani, kwenye soko la samaki na kwenye intaneti, kila mtu ayaone. Bila namba, kila ofisi itaendelea kunyoosha kidole juu mtoni. Pili, twende mahakamani pamoja na wenzetu wa Machakos na Makueni, wanaokunywa na kunywesha mifugo maji hayo hayo. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu yeyote kushtaki, wala haimlazimu athibitishe kwamba amepata hasara. Njia yenyewe imeshafunguliwa: mwaka 2021 mahakama jijini Nairobi iliamuru jaa la Dandora liondolewe ndani ya miezi sita. Jaa bado lipo. Ndiyo maana nasema wavuvi wa Sabaki nao wawe kwenye kesi, kwa sababu jaji wa Nairobi hajawahi kuliona jarife la ami yangu, na waliokaidi amri ile hawajui kwamba inamhusu mtu wa Mambrui.

Asubuhi ile tulipomaliza, niliuliza takataka tuzifanyeje. Ami akasema tukiziacha pale ufuoni, kosa litakuwa letu. Akazitia kwenye magunia mawili, akaita bodaboda izipeleke jaani, akamlipa kwa pesa aliyopewa na mama karanga, mkaanga samaki, kwa wale fumi.