Nahodha Shemeji

Jamani, mie mtoto wa Pemba. Nikisikia boti najua kuna wimbi, kuna upepo, na kuna mtu anatapika ubavuni. Shemeji yangu, kwa vile katutangulia kuja Uingereza, akasema likizo hii tukodi boti ya mferejini, yaani ile njia ya maji iliyochimbwa kwa ajili ya boti. Kufika, naona dude la chuma, urefu mita 17, upana mita 2 na ushei, kama ukumbi wa nyumba uliokimbiwa na vyumba vyake. Mmoja akitaka kwenda chooni, wengine wote wasimame. Na choo chenyewe, tanki lake unalichomoa na kulibeba mkononi mpaka pa kumwagia, huku unaamkiana na watu njiani. Pesa nimetoa mimi!

Mwendo usizidi maili 4 kwa saa. Mkipita boti zilizofungwa ukingoni, mpunguze. Mpunguze nini tena? Bibi mmoja na kijibwa chake alitupita, akasimama kupiga soga, akatupita mara ya pili. Wavuvi nao wamejipanga ukingoni, wameshika fito ndefu za kuvulia. Mmoja kanasa samaki mzuri, kamtazama, kamrudisha majini. Astaghfirullah! Nikageuza uso.

Kana, ule mpini wa usukani, ukiipeleka kushoto, boti inakwenda kulia. Pemba hilo linajulikana kabla ya kuota meno. Shemeji halijui, lakini nahodha ni yeye, maana kandarasi katia sahihi yeye.

Kufika mji wa Kidsgrove maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, kwa ajili ya chuma kilichomo ardhini, kisha tukaingia handaki la Harecastle. Dakika 40 gizani, dari inakuchuruzikia shingoni. Hili ni la mhandisi Telford, la 1827. La kwanza, la mhandisi Brindley, lililo pembeni yake, halikuwa na njia ya farasi wa kuvuta boti. Watu walilala chali juu ya boti na kuisukuma kwa kukanyaga ukuta. Niliposikia hayo, injini yetu na kelele zake nikaipenda ghafla.

Ukitoka, uko Stoke-on-Trent, mji wa vyombo vya udongo. Tanuri zake za matofali zenye umbo la chupa zilikuwa maelfu, leo zimebaki makumi. Shemeji akatupa darsa: zamani vyombo vilipakiwa juu ya farasi, barabara mbovu, vikavunjika kweli kweli. Ndipo Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda cha vyombo, na wenzake wakausimamia mfereji huu, jembe la kwanza akalipiga yeye mwenyewe 1766, ili vikombe viende juu ya maji taratibu, salama salimini.

Mke wangu darsa likamwingia. Middleport, penye kiwanda cha vyombo, akanunua vikombe, seti nzima, akavipanga mezani.

Tukafika malango ya maji. Unaingiza boti kwenye kisima cha matofali, unafunga nyuma, maji yanatolewa, mnashuka. Nikamwambia, "Shemeji, kana!" Akasema, "Naiona." Ukuta nao ukatuona. Vikombe vilivyoepushwa na farasi vikaishia sakafuni, kilomita chache tu kutoka kiwandani.

Kurudi haiwezekani, mita 17 haigeuki mpaka pale palipopanuliwa. Mke wangu akashuka bila kusema neno, akarudi Middleport kwa miguu, akanunua vingine. Akatukuta tungali kwenye malango yale yale, nahodha anatafuta mkono wa chuma wa kufungulia maji, alioudondosha mferejini.