Mwacheni Baba Mkubwa Awe Alivyokuwa

Nimeusoma wasifu wa marehemu baba mkubwa mara nyingi tangu tumzike, na kila nikiusoma hasira inanipanda upya. Ukurasa mmoja na nusu, umechapwa vizuri, juu pana picha yake ya ujanani. Ndani yake kuna mtu mpole, mume mwema, mlezi wa mfano, aliyefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Mtu huyo simjui.

Baba mkubwa niliyemjua mimi alikuwa mlevi. Akilewa alikuwa mkali, na asubuhi yake hakuweza kumtazama mtu usoni. Aliuza vitu vya ndani mkewe akiwa kazini. Wanawe walizoea kusikiliza hatua zake mlangoni wajue usiku utakuwaje. Na ni yeye huyohuyo aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, kwa subira ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Bibi alipolazwa, wanawe wenye heshima zao walikuwa na shughuli. Mlevi ndiye aliyekesha naye, akimlisha na kumgeuza kitandani, mpaka akaruhusiwa kurudi nyumbani. Huyo ndiye niliyemlilia.

Najua jibu litakalokuja: marehemu hasemwi vibaya. Ni kauli ya kale. Wagiriki walimnasibishia Chilon wa Sparta, mmoja wa wale wenye hekima saba, katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Sababu yake naielewa: aliyekufa hawezi kujibu, na kumshambulia asiyeweza kujitetea ni uonevu. Haya, nakubali. Nakubali pia kwamba siku ya maziko si siku ya kusomeana makosa mbele ya jeneza. Lakini kutomsema mtu vibaya ni jambo moja, kumtungia maisha asiyoyaishi ni jambo jingine kabisa. Nafasi ya kunyamaza ilikuwepo. Hakuna aliyewalazimisha waandishi kuweka maneno "mlezi wa mfano".

Binti yake alikuwa amekaa mbele wakati maneno hayo yanasomwa. Watu waliitikia, wengine wakalia kwa sauti. Yeye alitazama sakafu, macho makavu. Jioni nikamsikia shangazi mmoja akisema, "Ana moyo mgumu huyu mtoto. Hata chozi moja kwa baba yake?"

Hilo ndilo linaloniuma, na kwa sababu hiyo siwezi kuuona uongo ule kuwa wema usio na madhara. Marehemu haukumpunguzia wala kumwongezea kitu. Aliye hai ndiye uliomgeuza mkosaji. Binti aliyekua akiificha mikebe ya unga na redio ili visiuzwe, aliyekuwa akiwaziba wadogo zake masikio usiku, sasa ndiye anayeonekana kuwa na kasoro, kwa sababu hakuweza kumlilia mtu aliyekuwa akisomwa pale. Angemliliaje? Mtu aliyemfia yeye ni mwingine. Kwa baba yake halisi ana hasira, ana upendo, ana ahueni kwamba usiku sasa ni shwari, na ana uchungu wa kujiona mbaya kwa sababu ya ahueni hiyo. Vyote vinne kwa pamoja, na hakuna hata kimoja alichoruhusiwa kukitamka.

Wapo waliomshauri kuhusu zile hatua tano za majonzi, kwamba ataziona moja baada ya nyingine kisha atakubali. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alipozieleza mwaka 1969, alizitoa katika mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Kukana, hasira, kubembeleza, huzuni nzito, kukubali: ahueni haimo. Karibu zaidi na hali ya dada yangu huyu ni alichoandika Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, mwaka 1917, kwamba pale upendo na chuki vilipochanganyika juu ya mtu mmoja, kumpoteza huwa kugumu zaidi, na aliyebaki huweza kuigeuza ile chuki ikamla yeye mwenyewe. Halafu sisi jamaa tunamwongezea amri ya kutabasamu kwenye picha za msiba.

Na huo "muda mfupi" wa kuugua? Ini lake liliharibika kwa miaka, na kila mtu nyumbani aliona. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba takriban nusu ya hatari ya kuingia kwenye uraibu wa pombe hutokana na urithi. Baba mkubwa ana wajukuu. Siku daktari atakapowauliza kuna maradhi gani katika ukoo, watajibu kwa kutumia wasifu ule?

Kuna hasara nyingine, na hii ni ya marehemu mwenyewe. Ule mkesha wa hospitalini umetajwa, nusu sentensi, katikati ya sifa zisizo za kweli. Anayejua kwamba sifa ya kwanza na ya tatu ni za uongo ataiamini vipi ile ya pili? Jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya limefunikwa na mapambo. Ukijua mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka asubuhi, ndipo unapoelewa ilikuwa kazi gani kumlisha mama yake uji bila kuumwaga.

Nimeandika ukurasa wangu mwenyewe. Nilimpelekea binti yake kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kuanza kuusoma. Aliurudisha ameongeza mambo mawili: moja baya kuliko yote niliyoyajua, na jingine ni kwamba baba yake alikuwa akimsuka nywele Jumapili, taratibu, mistari ikinyooka, na siku hizo hakunywa mpaka amalize. Aliniambia kwamba alilia alipokuwa akiliandika hilo la pili.

Baba mdogo amepata habari. Amenipigia simu akitaka niufute ukurasa huo kabla wajukuu hawajauona. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba sitaufuta, na kwamba nimewaandikia hao hao wajukuu.