Watoto wasichore kwa ajili ya mteja

Ndugu zangu wa Dar wana swali moja tu: utarudi lini mjini? Wanaliuliza kwa huruma, kama vile nimekuja Newala kuuguza mtu. Nimelijibu kwa simu hadi nimechoka, kwa hiyo leo naliandika lote liishe.

Sikuja kupumzika, wala sijaacha sanaa. Nimekuja kwa sababu huku naweza kuchora bila kumsikiliza mteja, na kuwafundisha watoto bila mteja huyo huyo kukaa katikati yetu. Kinachoniwezesha ni shamba. Hoja yangu ndiyo hiyo.

Dar niliishi kwa picha za watalii: Mmasai na mkuki wake, twiga, jua jekundu, mlima wenye theluji kileleni. Dukani waliagiza kwa wingi na mimi nikachora kwa wingi, na kodi ya chumba ikalipika. Silalamiki. Ila nilipohamia huku na kuwagawia watoto wa majirani karatasi, bila kuwaambia wachore nini, nilipata Mmasai, twiga na mlima wenye theluji. Hawa ni watoto ambao wakifika ukingoni pale Shimo la Mungu wanaliona bonde la Ruvuma lote likiwa chini yao, na Msumbiji ng'ambo. Wanachora theluji! Mteja alikuwa ameshafika kabla yangu, kwenye kalenda za ukutani na vifuniko vya madaftari.

Hilo kwetu Kusini si jipya. Vinyago vya shetani, yaani vile vya viumbe wa ajabu wa kimizimu, ambavyo watu wengi leo wanadhani vimekuwepo tangu enzi za mababu, vilianza miaka ya 1950 mikononi mwa Samaki Likankoa, Mmakonde wa kutoka Msumbiji, na vikashamiri kwa sababu wafanyabiashara wa sanaa wa Dar es Salaam walivipenda wakavinunua. Ni kazi nzuri mno, mimi mwenyewe navipenda kuliko vinyago vingine vyote. Lakini mchongaji yule alikuwa mtu mzima, fundi aliyekomaa, alijua anachokiuza na anachokiacha. Mtoto wa darasa la tatu hajajua bado. Ukimwekea mnunuzi mbele ya macho, hataangalia kitu kingine tena.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani kuliko huo. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alizunguka huku kwetu, Masasi na Newala. Pamoja na vitu vyote alivyovikusanya, aliwapa wapagazi wake na wenyeji karatasi na penseli. Watu ambao hawakuwahi kufundishwa kuchora na yeyote walichora walichokijua: wanyama, ngoma, msafara, meli ya moshi. Michoro ikaenda zake Ulaya, na hilo linaniuma. Lakini angalia walichochora wakati hakuna aliyeweka oda.

Sasa shamba. Nina mikorosho ya babu, mihogo, mbaazi kidogo, na kuku ambao ni mali ya mwewe kuliko yangu. Mwezi wa tano hadi wa saba ni kupulizia salfa alfajiri, kabla upepo haujaamka, la sivyo ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unakula maua yote. Kuanzia mwezi wa kumi tunaokota, tunakausha, tunapeleka chama cha msingi cha ushirika, tunasubiri mnada. Fedha ikiingia, baada ya makato yake yanayojulikana na yasiyojulikana, naweka akiba ya mwaka, na kutoka humo ndimo zinamotoka karatasi na brashi. Haitoshi kujenga ghorofa. Inatosha kumwambia mtu «hapana, picha hiyo sichori».

Maji ndiyo yanayotusumbua. Juu huku kwenye uwanda wa Makonde hakuna mto, na bomba lina siku zake. Kitu cha kwanza nilichojenga kabla hata ya chumba cha kuchorea kilikuwa tanki la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati. Watoto wanajua: brashi zote zinaoshwa kwenye kopo moja, na maji yale yakishakuwa tope yanakwenda kwenye michungwa.

Darasa ni Jumamosi chini ya mwembe. Msimu wa kuokota korosho nafunga, maana hata nikifungua hakuna atakayekuja, na mimi mwenyewe nakuwa nimeinama shambani. Wanaonilaumu kwamba siyo darasa la kudumu wanasahau kwamba huku hata harusi zinasubiri korosho.

Rangi tunatengeneza wenyewe, na hapa nisimulie kidogo maana ndipo watoto wanapochangamka. Udongo mwekundu tunaukoroga kwenye ndoo. Mchanga unashuka chini, maji mekundu yanamiminwa kwenye beseni na kuachwa juani mpaka unga laini ubaki peke yake. Mkaa tunausaga kwenye jiwe na kuuchekecha kwa kipande cha kanga. Njano ni bizari, ingawa juani inapauka haraka. Kahawia inatoka kwenye maji ya mabibo, matunda ya mkorosho, ambayo kila mama huku ameshayalaani akifua sare za shule. Buluu tunanunua ile ya kufulia nguo. Gundi ya kushikilia rangi inaning'inia juu ya vichwa vyetu: utomvu wa mkorosho ulioganda kwenye gome, tunauloweka usiku kucha. Sheria ni moja: ganda la korosho mbichi hakuna kuligusa, mafuta yake yanababua ngozi.

Kwenye kuchonga tunaanza na muhogo. George Lilanga, mzaliwa wa Masasi aliyekuja kujulikana dunia nzima kupitia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii pale Dar, naye alianza kuchonga utotoni kwa mizizi ya mihogo kabla ya kupewa mti mgumu. Mantiki yake iko wazi. Mpingo unachukua miongo kadhaa kufikia unene wa kuchongwa, unahitaji kibali, na kosa moja la patasi ni hasara. Muhogo ukikosea unaupika. Juzi mtoto mmoja alichonga uso wa bibi yake, mdomo umebetuka kama alivyo akikasirika, tukacheka wote. Hadi jioni muhogo ulikuwa umesinyaa na bibi amezeeka zaidi. Mbuzi akamaliza kazi. Mtoto hakulia, aliomba muhogo mwingine.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wema. Alikuja mgeni wa shirika fulani, akapenda, akataka picha za watoto zichapishwe kadi za kuuza ili «mradi ujiendeshe». Sawa. Kisha akaomba watoto wachore matatizo yao: njaa, maji, mimba za utotoni. Nilimwambia watoto wangu wiki ile walikuwa wanachora pikipiki. Pikipiki haziuziki kwenye kadi, naelewa. Hatukuendelea, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake.

Wazazi ni habari nyingine, na hoja yao naiheshimu zaidi. Mama mmoja aliniambia waziwazi: «Dada, mimi sikatai, lakini huyu akishajua kuchora atakula nini?» Sikumdanganya kwamba atakuwa tajiri. Nilimwambia atakula muhogo na korosho kama sisi sote, na akitaka kuwa fundi cherehani, seremala, mchora ramani au mtu wa kupamba kumbi za harusi, jicho na mkono atakuwa nao tayari. Hakuridhika sana. Lakini mtoto anakuja.

Ninachokitaka ni kidogo kuliko mradi. Mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba mwalimu aliyepewa somo hilo mara nyingi ndiye huyo huyo wa Hisabati, hana udongo, hana rangi, na wanafunzi wamejaa mpaka mlangoni, hivyo sanaa inakuwa maelezo ya kunakili ubaoni. Wakati huohuo jirani yangu, bibi anayefinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu lolote, anavizungusha kwa kuvizunguka yeye mwenyewe, akiinama nyuzi tisini mgongo haumsumbui, hajawahi kuitwa darasani. Nilipompendekeza shuleni niliulizwa ana cheti gani. Aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Aitwe. Alipwe posho, apewe saa mbili kwa wiki, na halmashauri iache kuulizia cheti kwa mtu ambaye kijiji kizima kimekunywa maji kutoka kwenye mitungi yake. (Mambo ya midimu, vinyago vinavyovaliwa usoni kwenye ngoma, na siri za jando siyagusi, hayo yana wenyewe na wakati wake.)

Na kwa wasanii wenzangu wa Dar mnaouliza kama huku kuna nafasi: ipo. Msije mwezi wa pili mkakuta mvua imeshachanganya na hamna pa kuikinga. Njooni mwezi wa nane, jengeni tanki kwanza, ombeni eneo kwa mwenyekiti wa kijiji kwa adabu. Mbegu ya muhogo nitawapa mimi. Salfa mtanunua wenyewe.