Klachi ya Mawese

Klachi ya pikipiki yangu ilikuwa nzito kiasi kwamba kijiweni pale Mwanga walinitambua kwa mkono wa kushoto: vidole vimekunjamana, havinyooki. Abiria akinipa noti upande huo, chenji yake asahau.

Fundi akaivuta, akasikiliza, akasema sahani za klachi ni nzima, ila waya umekauka. Dawa yake ni ya zamani na inafanya kazi. Unauchomoa waya, unauning'iniza, unafunga kipande cha nailoni kwenye mdomo wa juu, unamimina oili na kuiacha ishuke yenyewe usiku kucha mpaka idondoke chini. Kazi hiyo nikampa mdogo wangu, ndiye mwenye subira pale nyumbani. Oili imo kwenye kidumu cha njano, nikamwambia, kipo uani.

Uani vidumu vya njano vilikuwa viwili. Hii ni Kigoma, bwana. Nyumba isiyo na kidumu cha mawese, mwenyewe kahamia juzi. Na jioni ile mama alikuwa ametoka kuyapasha, yanateleza vizuri kabisa.

Waya ukarudi ukiwa laini ajabu. Kwa furaha nikaongeza na urembo: mikono mipya ya klachi na breki, myekundu, mifupi, yenye kigurudumu cha namba 1 hadi 6 cha kuusogeza mkono karibu na mpini au mbali nao. Muuzaji aliapa kwamba inapunguza uzito. Haipunguzi. Mkono ukiwa mfupi, nguvu inayotakiwa ndiyo inazidi, hata mtoto aliyewahi kufungua bati kwa nondo anajua. Fundi naye akanionea huruma, akausogeza karibu kabisa ili vidole vyangu visihangaike. Matokeo yake, mkono ulikuwa unagonga mpini kabla klachi haijaachia sawasawa.

Asubuhi yake ilikuwa baridi ya kipupwe. Mawese yakipoa huganda, na yale yalikuwa yameganda ndani ya waya kwa utulivu mkubwa. Sisimizi walikuwa wamepanga foleni kwenye mpini. Nikajua wamependa rangi.

Abiria wangu wa kwanza alikuwa mzee wa kanzu na kofia, anakwenda Ujiji. Tulikwenda vizuri, maana pikipiki ikishashika mwendo, klachi haina kazi nyingi. Kasheshe ikaanza mzee alipomwona mwenzake kando ya barabara.

"Simama hapo kijana, nimsalimie mtu wangu."

Salamu za wazee wa Kiha si za kupita. Zina makofi, zina watu wa nyumbani mmoja mmoja, zina mifugo na mvua. Nikabana klachi mpaka mwisho. Pikipiki ikaendelea kutambaa. Mzee anapiga makofi huku anasogea, na mwenzake naye, kwa adabu, anatufuata kwa miguu akiitikia. Natafuta kuitoa gia, gia haitoki, kwa sababu klachi isipoachia gia nayo hugoma. Nikakanyaga breki, injini ikazima.

"Afadhali," akasema mzee. Wakaanza upya, tangu wajukuu.

Kuiwasha tena ndiko kulikoniponza. Nilipopiga kiki ikawaka hapo hapo na kuruka mbele. Kofia ya mzee ikabaki nyuma, na mikono yake, iliyokuwa katikati ya kofi, ikashika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni masikio yangu.

"Shikamoo mzee! Niachie mzee!"

"Marahaba! Simamisha kwanza!"

Tukasimama kwenye kichuguu. Mwenzake akatuletea kofia, akamalizia kuuliza hali ya ng'ombe. Mzee akashuka, akauinamia mkono wa klachi, akanusa. Akapitisha kidole pale waya unapoingilia, akakiangalia chini ya jua.

"Mimi nauza mawese, mwanangu. Haya ni ya kule Simbo, tena mazuri. Nani kakukaangia pikipiki?"

Nauli alinipa nusu. Nusu nyingine alisema ni ya makofi aliyokatishwa.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kuosha waya ule kwa petroli akakataa, akafunga mpya, akaweka kigurudumu namba 4, akaacha mchezo, yaani ulegevu kabla waya haujaanza kuvuta, wa kama milimita 15 kwenye ncha ya mkono. Klachi ikaachia, gia ikaingia bila kelele. Ndipo akaniuliza, huku anafuta spana:

"Sasa kile kidumu kingine, cha oili, kiko wapi?"

Moyo ukanilipuka. Nikapiga simu nyumbani, sikusalimia hata kidogo: "Mama, msikaange chochote!"

"Tulia," akasema. "Mimi si mdogo wako. Mawese nayajua."