Adui Wangu Hubisha Hodi

Kuna watu wakitoka kutazama filamu huzungumzia steringi: alivyopigana, alivyoruka, alivyomwokoa yule dada dakika ya mwisho. Mimi nipo upande wa pili. Steringi najua hafi, kwa hiyo nimekuja kumtazama adui. Adui akiwa wa maana, nitavumilia hata hadithi iliyoungwaungwa. Akiwa wa kubandikwa tu ili steringi apate mtu wa kumpiga, lipueni milima mtakavyo, mimi nasinzia.

Watu wakiniuliza adui gani nampenda zaidi, hutarajia niwatajie wale wakubwa wenye majeshi na nguvu za ajabu. Hao huwa nimeshawasahau kabla sijafika kitandani. Chukua Thanos, aliyefuta nusu ya viumbe wote wa ulimwengu kwa kualisha vidole katika *Avengers: Infinity War*, filamu ya mwaka 2018. Wengi humsifu kwamba ana hoja. Hoja gani? Mwaka huo dunia ilikuwa na watu wapatao bilioni 7.6. Nusu yake ni bilioni 3.8, na hiyo ndiyo idadi tuliyokuwa nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yaani jitu zima limezunguka sayari kwa sayari likitafuta mawe sita ya kulipa nguvu hiyo, limemtoa kafara binti liliyemlea, ili liturudishe nyuma miaka isiyofika hamsini. Na kazi ilipokwisha likayaharibu mawe yenyewe. Ni sawa na mtu apalilie shamba mara moja, kisha achome jembe.

Adui ninayemkumbuka mimi havunji mlango. Anabisha hodi, anakaribishwa, anavutiwa kiti, na wenye nyumba wanamshukuru kwa kuja.

Mkubwa wao ni Iago, katika *Othello* ya Shakespeare, tamthilia ya mwanzoni mwa karne ya 17. Ni askari tu, tena aliyerukwa cheo, nafasi aliyoitaka akapewa kijana aitwaye Cassio. Hana uchawi, hana kikosi, hata fedha anazotumia ni za Roderigo, bwege mmoja aliyeahidiwa kutafutiwa penzi la Desdemona, mke wa jemadari wao Othello. Alicho nacho Iago ni sifa njema. Kila mtu humwita mwaminifu, na Othello hulirudia neno hilo mpaka msomaji anatamani kupanda jukwaani amzibe mdomo.

Tazama anavyoianza kazi. Cassio anaagana na Desdemona na kuondoka. Othello anaingia, Iago yuko ubavuni mwake, na Iago anaguna tu kwamba hilo halikumpendeza. Umesemaje? Hakuna kitu, bwana. Basi, ananyamaza. Kuanzia hapo ni Othello anayemkimbiza, anayembembeleza aseme, anayemkasirikia kwa kutosema. Iago anajitia ugumu, eti asije akamchafulia mtu jina bure, na kabla hajatoa tuhuma yoyote ya maana anamwonya bwana wake ajihadhari na wivu! Mlaji ametiwa njaa kwanza, uongo unaletwa baadaye, naye anaupokea kwa mikono miwili. Mwishoni kitambaa kimoja cha mkononi, kilichoanguka na kuokotwa na Emilia, mke wa Iago mwenyewe, kinatosha kuwa ushahidi wa kumuua mke asiye na hatia.

Niliwahi kufanya kazi na mtu wa aina hiyo. Sikumbuki kumsikia akimsema mtu vibaya hata siku moja. Jina la mtu likitajwa, alikuwa akishusha pumzi na kutazama pembeni. Basi. Marafiki wawili waliotoka mbali waliacha kusalimiana kwa sababu ya pumzi zile, na mpaka leo hakuna anayeweza kuonyesha kosa lake lilikuwa lipi.

Kinachonikaa rohoni zaidi kwa Iago ni mwisho wake. Njiani ametupa sababu nyingi: kanyimwa cheo, anashuku Othello alilala na mkewe, kisha anamshuku na Cassio kwa jambo hilohilo. Ni nyingi mno. Mtu mwenye sababu moja unaweza kumwamini, lakini anayekuletea ya pili na ya tatu unaanza kuona kwamba anazitafuta. Na anapokamatwa, Othello akataka kujua kwa nini alimfanyia hivi, anajibu wasimuulize kitu, wanachokijua wanakijua, na tangu sasa hatasema neno. Mtu aliyepewa mistari mingi kuliko Othello mwenyewe anamaliza kwa kufunga mdomo!

Waandishi wa filamu wa siku hizi wasingeweza kumwachia ukimya huo. Wangetutengenezea filamu nzima ya utoto wake, tumwone akinyang'anywa mwanasesere. Ndivyo walivyomfanya Darth Vader wa filamu za *Star Wars*. Mwaka 1977 aliingia kwenye moshi, mweusi tii, akipumua kama mashine, na hukuhitaji kuambiwa chochote. Mwaka 1999 tukaonyeshwa alipokuwa katoto kadogo kenye nywele za kimanjano, kanakoshindana mbio za vyombo vya angani. Kazuri kweli. Lakini tangu siku ile, kila nikisikia ile pumzi, nakaona kale katoto.

Hapo lazima nikiri kuna mtu anayeivuruga kanuni yangu ya mlango, naye ni yule Joker, adui wa Batman katika filamu ya mwaka 2008, aliyechezwa na Heath Ledger. Huyu hakukaribishwa na yeyote na hajulikani alikotoka. Anasimulia jinsi alivyopata makovu ya mdomoni, na kisa cha kwanza kinamhusu baba yake mlevi. Unaanza kumhurumia. Baadaye anakisimulia upya kwa mtu mwingine, na safari hii ni habari za mkewe. Ndipo unapogundua kuwa huruma yako aliichukua kama mfukoni mwako kulikuwa wazi. Ledger alifariki kabla filamu haijatoka, na tuzo yake ya Oscar ilipokelewa na familia yake mwaka 2009. Labda nimkubalie kwa njia hii: hakuingia nyumbani mwa watu wa ile filamu, aliingia kwangu mimi mtazamaji, na niliyemfungulia ni mimi.

Turudi kwa wale wenye hodi. Waulize waliosoma vitabu vya Harry Potter wanamchukia nani. Voldemort ndiye aliyewaua wazazi wa mtoto, ndiye ambaye watu wanaogopa hata kumtaja jina. Lakini wengi watakutajia Dolores Umbridge, mwalimu wa kitabu cha tano, cha mwaka 2003. Mama mfupi, nguo za waridi, sahani za ukutani zenye picha za vipaka, kikohozi kidogo cha adabu kabla ya kumkatiza mtu. Anampa Harry adhabu ya kuandika kwamba asiseme uongo, kwa kalamu isiyo na wino. Wino ni damu yake mwenyewe, na kila anachoandika kinajichora kwenye mgongo wa mkono wake. Na mtoto alikuwa amesema kweli. Hakuna aliyewahi kuuawa na mchawi mwenye sura ya nyoka, lakini nani hajawahi kukaa mbele ya mtu mwenye mamlaka, anayetabasamu, anayekuumiza huku akikueleza kwamba ni kwa faida yako? Yule hakuvamia shule. Alipelekwa na wizara, kwa barua, na kila alichokifanya alikitolea amri rasmi na kuibandika ukutani.

Kwetu, katika fasihi ya Kiswahili, hodi ya namna hii inabishwa na baba. Bwana Maksuudi wa *Utengano*, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, ni mwanasiasa, mtu wa heshima zake, anayewafungia ndani mke wake Tamima na binti yake Maimuna kwa jina la kulinda heshima ya nyumba. Heshima hiyo hiyo yeye anaivua kila anapotoka mlangoni. Nilipokisoma nikiwa mdogo nilimchukia kwa unafiki huo, nikaona nimemaliza. Nilipokisoma tena nikiwa mtu mzima, niliyemwogopa zaidi alikuwa Bi Farashuu, mkunga mzee. Ana haki ya kumchukia Maksuudi, kwa sababu aliwaharibia maisha yeye na bintiye. Anataka kisasi, na msomaji yuko naye kabisa. Kisha unaona kisasi chenyewe kinapopita: kinapita juu ya mwili wa Maimuna, msichana ambaye hajamkosea mtu, ambaye kosa lake ni kuzaliwa na yule. Hapo msomaji uliyekuwa ukishangilia unajishtukia mikono iko hewani. Maksuudi ni mwovu tangu ukurasa wa mwanzo na kazi ya kumchukia ni nyepesi. Farashuu anakuchukua kwenye ukumbi wa mahakama upande wa walalamikaji, halafu anakuacha umekaa mahali usipopaelewa.

Kuna na waovu wadogo, nao nawaenzi. Mwalimu Majisifu wa *Kidagaa Kimemwozea*, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 2012, hakuua mtu. Aliiba mswada wa kijana aitwaye Amani, akauchapisha kwa jina lake, akavikwa sifa za mwandishi. Kakaye, Mtemi Nasaba Bora, ndiye jambazi mkubwa wa kitabu, mnyang'anyi wa mashamba na haki za watu, lakini mimi nikifumba macho namwona Majisifu. Nadhani mtu yeyote anayeandika anamwona. Kuibiwa ng'ombe kunauma, lakini mwizi wa ng'ombe hasimami mbele ya watu akisoma sentensi zako.

Na Shylock je, yule Myahudi mkopeshaji wa *The Merchant of Venice*, tamthilia nyingine ya Shakespeare? Huyu sijui nimweke wapi, na kila nikimsoma namhamisha. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ile, akaichapisha mwaka 1969, hakuandika kichwa chenye mfanyabiashara mmoja. Aliandika *Mabepari wa Venisi*. Kwa wingi. Neno moja tu, na mizani imehama. Anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mfanyabiashara Antonio ni Shylock, sawa. Lakini sasa kichwa kinakulazimisha uwatazame na wengine waliomzunguka: Antonio aliyemtemea mate kisha akaja kumkopa sarafu 3,000 za ducat kwa ajili ya rafiki yake, Bassanio anayetaka fedha hizo ili akapose mwanamke tajiri, na vijana waliomsaidia binti yake Jessica kutoroka na masanduku ya baba. Wote wanapenda fedha, aliyeitwa mpenda fedha ni mmoja. Na anapouliza kama Myahudi hana macho, kama hatoki damu akichomwa, hotuba yake haiishii kwenye kuomba huruma kama watu wanavyopenda kuinukuu. Inaishia kwenye kisasi: huo ubaya mnaonifundisha, nitautenda. Sijui adui mwingine aliyetaja walimu wake kwa uwazi hivyo. Mwisho wanamnyang'anya nusu ya mali na kumlazimisha abadili dini, na tamthilia inaendelea na vichekesho vya pete kana kwamba hakuna kilichotokea.

Maana jambo hili la nani ni adui linategemea sana msimuliaji kaketi bega la nani. Sungura wa hadithi zetu huiba, husingizia, huponyoka na kumwacha Fisi apigwe kwa makosa yasiyo yake. Tumemcheka Fisi maisha yetu yote. Hajawahi kupata wakili.

Lakini kama mtaniwekea kisu shingoni nichague mmoja, simchagui hata Iago. Namchagua mtoto wa Fumo Liongo.

Hadithi ni ya kale, na Muhammad Kijumwa aliitungia utenzi mwaka 1913. Liongo alikuwa shujaa na mshairi ambaye silaha hazikumdhuru, na mtawala wa Pate alimwogopa. Walimfunga, akatoroka, kwa tupa aliyotiliwa na mama yake ndani ya mkate, akikata minyororo huku watu wakiimba nje. Nguvu zote zimeshindwa. Ndipo akatafutwa mwanawe, akaahidiwa kumwoa binti wa mtawala. Na kijana hakuhitaji upelelezi wowote. Alimwendea baba yake akamuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni.

Sindano. Silaha ndogo kuliko zote katika hadithi zote nilizozitaja, na haiwezi kutumiwa na yeyote ila mtu anayeruhusiwa kukaribia mwili uliolala. Kijana akasubiri mpaka baba amezama usingizini, akamchoma.

Liongo akaamka, akashika upinde na mishale, akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye uzi na kulenga. Akafia hapo, katika hali hiyo. Mji mzima ukaogopa kwenda kuteka maji kwa sababu kila aliyechungulia alimwona Liongo amelenga. Siku zikapita, watu na kiu yao, hata mama yake akaletwa amwimbie kumbembeleza. Yule binti aliyeahidiwa, kijana hakumpata.

Huwa nazifikiria siku hizo za kisimani. Watu wote wanabishana kwa mbali kama yuko hai au amekufa, na katikati yao, na koo lake limekauka kama la wengine, yupo mmoja anayejua sindano ilizama kiasi gani.